Barafu ya kule, mvua ya huku: nani anapima mlima wetu?

Kwenye ncha za dunia na juu ya mlima Ruwenzori barafu inapungua, na wataalamu wanahesabu kila tani inayopotea. Katika milima ya Masisi na msitu wa Walikale mvua inaingia ndani ya mashimo, na karibu hakuna mtu anayeiandika. Mambo haya mawili yanatokana na joto moja. Na sisi wa machimbo tuko na kazi ya kufanya.

Mtoto wa Masisi anaijua barafu mbele ya kuijua frigo. Mvua ya mawe inapoanza kupiga mabati, watoto wanatoka mbio na sahani mkononi, wanaokota vipande vyeupe na kuvitia mdomoni, huku mama analia juu ya majani ya maharagi yanayochanika shambani. Nusu saa haipiti, vipande vyote vimekuwa maji na vimeshuka mtaroni. Kwetu barafu ni kitu cha kupita.

Lakini kuko pahali ambako haipiti. Kule kwenye ncha mbili za dunia, kaskazini na kusini, theluji ya mwaka huu inalala juu ya ile ya mwaka jana, na ile ya mwaka jana inalala juu ya theluji iliyoanguka wakati wa mababu. Uzito unaikandamiza mpaka inakuwa barafu ngumu kama jiwe. Katika bara la Antaktika na katika kisiwa cha Groenland, barafu hiyo inapita unene wa kilometa 3. Mlima Nyiragongo, ambao watu wa Goma wanauona asubuhi, una meta 3470. Fikirieni basi barafu inayokaribia urefu ule, tena imetandazwa juu ya Antaktika, bara ambalo peke yake ni kubwa karibu mara 6 ya Kongo yetu.

Barafu ile sasa inayeyuka. Mtu wa Rubaya au wa Njingala atatuuliza: sisi inatuhusu nini? Mtu aliyeamka saa kumi na moja, akachukua sululu na taa ya kichwa, akaingia shimoni kutafuta pesa ya masomo ya watoto, barafu ya Wazungu itamfanya nini? Swali ni la haki. Tutalijibu polepole, na jibu letu litaishia shimoni.

Bati jipya na bati la zamani

Tuanze na hesabu. Tangu mwaka 2002, setilaiti zinazozunguka dunia zinapima uzito wa barafu kutoka juu angani, sawa na negosian anavyoweka mfuko kwenye mizani: leo hivi, mwezi ujao hivi. Mizani hiyo inaonyesha kwamba Groenland inapoteza takriban tani miliari 270 za barafu kila mwaka. Antaktika inapoteza karibu nusu ya hiyo. Tani moja ya maji ni bidoni 50 za njano, zile za lita 20. Mwenye nguvu afanye hesabu iliyobaki.

Maji yale yote yanaenda baharini. Tangu mwaka 1900 bahari ya dunia imepanda kwa sentimeta 20 hivi, kwa sababu ya barafu inayoyeyuka na kwa sababu maji yakipata joto yanatanuka. Na bahari si ya wengine tu. Maji ya mto Lowa, yanayopita Walikale, yanaingia Lualaba, yanakuwa mto Kongo, yanafika Banana na Moanda, pale ambapo inchi yetu iko na kipande chake kidogo cha pwani. Kule Moanda ndugu zetu wanaona bahari ikila ardhi chini ya nyumba zao.

Upande wa kaskazini, ncha ya dunia si bara. Ni bahari iliyofunikwa na barafu, ambayo inapungua mwisho wa kila kipindi cha joto, mwezi wa tisa, na kurudi wakati wa baridi. Ukilinganisha mwezi wa tisa wa miaka ya 1980 na wa siku hizi, eneo lililopotea linakaribia ukubwa wa Kongo nzima.

Kwa nini kule kaskazini mambo yanaenda mbio? Kila mtu aliyelala chini ya bati anaweza kuelewa. Bati jipya linang'aa, linarudisha jua juu, na nyumba inavumilika. Bati la zamani lililoiva kutu na kuwa jeusi linameza jua, na saa nane mchana ndani hakukaliki. Theluji safi ni bati jipya: inarudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua. Bahari iliyo wazi ni bati la zamani: inameza zaidi ya asilimia 90. Barafu ikiyeyuka kidogo, bahari nyeusi inafunuliwa, joto linazidi, na barafu nyingine inayeyuka. Ndiyo maana tangu mwaka 1979 eneo la ncha ya kaskazini limepata joto kwa mwendo wa karibu mara 4 kuliko dunia kwa jumla.

Joto lenyewe linatoka wapi? Wataalamu walienda kuliuliza kwenye barafu. Makrezeri waliowahi kuona kampuni zikitafuta madini wanajua namna gani mashine inatoboa mlima na kutoa "karoti", ile fimbo ndefu ya jiwe inayoonyesha kila tabaka. Katika Antaktika walitoboa barafu hivyohivyo, zaidi ya kilometa 3 kwenda chini. Ndani ya karoti ile kulikuwa na mapovu madogo ya hewa ya zamani, iliyofungiwa pale tangu miaka 800000. Walipoipima, waliona kwamba katika muda wote ule gesi ya kaboni haijapita sehemu 300 katika kila milioni ya hewa. Siku hizi imepita 420. Tofauti hiyo imetoka hasa katika makaa ya mawe, mafuta na gesi ambavyo dunia imechoma tangu viwanda vilipoanza, na katika misitu iliyokatwa. Sehemu yetu Wakongo katika moshi wa viwanda na magari ni ndogo mno. Lakini joto haliulizi nani aliwasha moto.

Nzururu inamalizika

Hatuhitaji kupanda ndege ili kuona barafu inayokufa. Iko hapahapa katika jimbo letu la Kivu ya Kaskazini, teritware ya Beni, mpakani na Uganda. Asubuhi ambayo mawingu yamefunguka, mtu wa Mutwanga anaweza kuinua macho na kuona weupe juu ya Ruwenzori. Wanande wa upande wetu na Wakonzo wa upande wa Uganda wanaita theluji ile nzururu, na kutoka neno hilo ufalme wa Rwenzururu ulipata jina lake. Kilele cha Margherita kina meta 5109, na hakuna mlima mrefu kuliko huo katika Kongo yote.

Mwaka 1906 mwanamfalme mmoja wa Italia, Duke wa Abruzzi, alipanda kule na watu wake, wakapima na kupiga picha. Wakati ule barafu ilikuwa juu ya milima 6 ya Ruwenzori, na ukubwa wake wote ulikuwa karibu kilometa za mraba 6 na nusu. Wataalamu waliporudi kupima mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilikuwa haifiki kilometa moja ya mraba, tena ilibaki juu ya milima 3 tu: Stanley, Speke na Baker. Tangu hapo imezidi kupungua. Kilimanjaro iko katika safari ileile: kati ya mwaka 1912 na 2011 ilipoteza karibu asilimia 85 ya barafu yake. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitangaza kwamba barafu za milima ya Afrika zilizo katika urithi wa dunia huenda zikaisha zote mbele ya mwaka 2050. Mtoto anayezaliwa leo Beni ataonyesha watoto wake picha.

Hapa lazima tuseme kweli, maana maneno mengi yanazunguka. Wengine wanasema nzururu ikiisha, mito ya Ruwenzori itakauka. Waliopima wanasema sivyo: barafu ile ni ndogo sana, na maji inayotia katika mito ni kidogo mno karibu na yale ya mvua. Mto unaishi kwa mvua. Barafu ya Ruwenzori ni sawa na canari kwenye bomba za zamani za makaa huko Ulaya: inakufa ya kwanza ili wengine wajue kwamba hewa imebadilika. Kinachotupasa kuangalia ni mvua.

Na mvua ya Ruwenzori imekwisha kufika machimboni. Upande wa Uganda kuko Kilembe, mgodi wa shaba wa zamani, uliosimamishwa miaka ya 1980. Mabaki ya mchanga wa mgodi yaliachwa kando ya mto Nyamwamba. Mwezi wa tano mwaka 2013, na tena mwezi wa tano mwaka 2020, mto ule ulifurika, ukabeba mawe makubwa kama nyumba, ukaharibu hospitali ya Kilembe na kusukuma mchanga wa shaba kuelekea Kasese. Kampuni ilikuwa imeondoka zamani. Waliokuta matope mlangoni ni jamaa za wale waliofanya kazi pale.

Wachimbaji wenzetu wa kwenye baridi

Wasomaji wetu wengi hawajui kwamba kule karibu na ncha ya kaskazini kuko mji wa wachimbaji. Unaitwa Longyearbyen, katika visiwa vya Svalbard, chini ya Norwei. Kutoka pale mpaka kwenye ncha yenyewe ni kilometa 1300 hivi. Karibu miezi 4 ya mwaka jua halichomozi hata kidogo. Mji ulianzishwa mwaka 1906, mwaka uleule Duke wa Abruzzi alipopima Ruwenzori, na ulianzishwa juu ya kitu kimoja tu: makaa ya mawe. Kwa zaidi ya miaka 100 watu waliingia mlimani pale na taa, sawa na sisi.

Udongo wa Svalbard umeganda. Kinachoshikanisha mawe na mchanga wa mlima ni barafu iliyo ndani yake, sawa na simenti. Nyumba zimesimama juu ya nguzo zilizopigwa katika udongo ule. Tangu mwaka 1971 joto la Svalbard limepanda kwa digri 3 mpaka 5, na simenti ile inaanza kulegea. Mlima uliokuwa umetulia unatembea.

Tarehe 19 mwezi wa 12 mwaka 2015, baada ya dhoruba ya usiku, theluji iliporomoka kutoka mlimani ikaangukia nyumba 11 za mji. Watu wawili walikufa, mmoja wao mtoto. Mwaka uliofuata, mvua ilinyesha katika majira ambayo zamani yalikuwa ya theluji tu, na maji yakaingia katika mlango wa handaki kubwa lililochimbwa mlimani ili kuhifadhi mbegu za dunia nzima. Mbegu hazikuharibika, lakini ilibidi handaki litengenezwe upya. Tunawaeleza jambo hili kwa sababu lile lilikuwa shimo la kisasa, lililochimbwa na mashine na kupimwa na mainjinia kwa pesa nyingi. Hata vile, maji yalipata njia.

Watu wa Longyearbyen walifanya nini? Walivunja au kuhamisha nyumba nyingi zilizokuwa chini ya mteremko. Wakaweka ukuta na vizuizi mlimani. Wakaanza kupima theluji na kutangaza hatari mbele ya watu kufa: leo msipite pale, usiku huu ondokeni hapa. Na mwaka 2025 Wanorwei wakafunga Gruve 7, mgodi wao wa mwisho wa makaa katika visiwa vile. Wale waliochimba kilichopasha dunia joto walikuwa wa kwanza kuona ardhi ikilegea chini ya vitanda vyao. Hatusemi hivyo kwa kuwacheka. Walikuwa wanatafuta chakula cha watoto, kama sisi.

Kuko na jambo lingine la kuangaliwa. Kule kusini mwa Groenland kuko mlima wa madini unaoitwa Tanbreez. Jina lenyewe limefinyangwa kutoka alama za vitu vilivyomo, na mbili za kwanza ni tantale na niobiamu. Hizo ndizo zinazofanya koltani yetu iitwe koltani. Barafu inapungua, meli zinapita miezi mingi zaidi, na wanunuzi wa dunia wanaanza kutazama kule. Bado iko mbali, lakini PDG na koperative za Rubaya wasiseme hawakuambiwa.

Mvua iliyotupatia koltani

Sasa turudi nyumbani. Kwa nini krezeri wa Rubaya anaweza kuchimba kwa sululu na beshi, bila baruti? Kwa sababu jiwe lenye koltani limeoza. Lilikuwa gumu, likanyeshewa miaka maelfu na maelfu, maji yakalilainisha mpaka likawa udongo mweupe unaofanana na unga. Maji yaliyooza jiwe yakaacha koltani, kwa kuwa ni nzito na haiozi. Kwa hiyo mvua ndiyo iliyotupatia kazi. Lakini udongo uleule mlaini ukinywa maji unakuwa mzito, unateleza, na hauna barafu wala mwamba wa kuushika. Kule Svalbard mlima unalegea barafu ikiyeyuka. Kwetu unalegea mvua ikizidi.

Na mvua itazidi? Hapa sheria ya hewa ni moja duniani kote. Kila digri moja ya joto inapoongezeka, hewa inaweza kubeba karibu asilimia 7 zaidi ya maji. Ni kama mtu aliyebadilishiwa mfuko: zamani ulibeba kilo 50, sasa unabeba 53 na nusu. Siku ya kuumwaga, unamwaga wote. Ndiyo sababu wataalamu wanangojea mvua chache zenye nguvu kubwa zaidi, hata pale ambapo mvua ya mwaka mzima haibadiliki sana. Wazee wa Masisi wanaolalamika kwamba majira hayaaminiki tena hawaoti ndoto.

Tunakumbuka sote siku ya Alhamisi tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023. Ilikuwa siku ya soko Nyamukubi, teritware ya Kalehe, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Kivu ya Kusini. Mvua ilinyesha juu ya milima, mito ikashuka na mawe na miti, ikapita katikati ya Nyamukubi na Bushushu. Maiti zaidi ya 400 zilizikwa, na wengine wengi hawakuonekana mpaka leo. Siku mbili mbele, mvua ya kipindi kilekile ilikuwa imeua zaidi ya watu 130 upande wa Rwanda.

Baada ya msiba, kundi la kimataifa la wanasayansi linaloitwa World Weather Attribution lilijaribu kujibu swali letu wote: je, joto la dunia ndilo lililofanya mvua ile iwe kali vile? Wanafanya kazi hiyo kwa misiba mingi ya dunia, na mara nyingi wanatoa jibu. Safari hii walishindwa. Hawakushindwa kwa uvivu. Walikosa hesabu. Kuzunguka ziwa Kivu vituo vya kupima mvua ni vichache mno, na bila daftari ya mvua za zamani huwezi kusema ya leo imezidi kiasi gani.

Wandugu, tusome tena jambo hilo. Barafu ya Groenland, ambako watu hawafiki hata elfu 60, tunajua inapoteza tani ngapi. Hewa ya Antaktika ya miaka 800000 iliyopita, tunajua ilikuwa namna gani. Lakini mvua iliyoua watu zaidi ya 400 Kalehe, hakuna anayejua vizuri ilikuwa milimeta ngapi. Na mvua ya jana usiku juu ya machimbo ya Rubaya, au juu ya mlima Bisie kule Walikale, nani ameiandika?

Fuso 50 juu ya kichwa chako

Wengine watasema kupima ni kazi ya serkali. Ni kweli, na tunaiomba serkali ifanye. Lakini kipimo cha mvua kinaweza kutengenezwa leo, na mtoto wa shule. Chukua chombo chenye ukuta ulionyooka na chini sawasawa, kwa mfano kopo la maziwa ya unga, lililo wazi juu. Kiweke pahali pa wazi, mbali na mti na paa, kimezungushiwa mawe kisianguke. Kila asubuhi saa ileile, chovya rula wima na usome maji yamefika milimeta ngapi. Andika tarehe na hesabu katika kaye. Mwaga maji, rudisha kopo. Basi.

Milimeta moja ndani ya kopo maana yake lita moja ya maji imeanguka juu ya kila meta moja ya mraba. Tuchukue mteremko wa meta 100 kwa meta 100, ukubwa wa kiwanja kimoja na nusu cha mupira hivi. Kopo likisoma milimeta 50, mteremko ule umepokea lita 500000. Ni bidoni 25000. Ni tani 500, yaani magari 50 ya Fuso, kila moja na tani 10, yaliyopanda usiku na kupaki juu ya mlima. Sehemu moja ya maji hayo inateremka mtoni. Nyingine inaingia udongoni, na asubuhi wewe unaingia chini yake.

Hatuwezi kuwaambia kwamba milimeta fulani ni salama na fulani ni kifo. Kila mlima uko na tabia yake. Mmoja unaanguka palepale, mwingine unangoja siku mbili baada ya mvua, jua likiwa linawaka na watu wamekwisha kusahau. Ndiyo maana kaye inahitajika. Kila safari udongo unapomomonyoka, hata kama hakuna aliyeumia, andika pembeni: shimo gani, saa ngapi. Baada ya majira mawili au matatu, kaye itaanza kuwaambia mlima wenu unachoka kwa mvua kiasi gani. Siku hiyo PDG hatasema tena kwamba anayeogopa ni mvivu, kwa maana hesabu itakuwa mezani.

Kuko na alama ambazo hazihitaji kopo. Ufa mpya juu ya mteremko, hata wa upana wa kidole. Miti au nguzo zinazoinama upande mmoja. Mlango wa nyumba uliokuwa unafunga vizuri na leo unakwama. Chemchemi iliyokuwa safi na sasa inatoa maji ya matope, au maji yanayotoka pahali ambapo hayakuwa yakitoka. Vijiwe vinavyodondoka ndani ya shimo bila mtu kuvigusa. Na moja ambayo jamaa za wachimbaji walioko bondeni waijue kabisa: mvua inanyesha na mto unapungua ghafula. Usishangilie. Maana yake udongo umeziba mto kule juu, na maji yanajikusanya nyuma yake. Chukueni watoto mpande pembeni, mbali na mto, bila kurudi kuchukua godoro.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Kwenye machimbo, ufa mara nyingi haungoji ukuta. Sheria ya migodi ya Kongo hairuhusu shimo la mchimbaji wa mkono kupita meta 30 kwenda chini, na sote tunajua mashimo mangapi yamepita. Kutopita ni kuzuri. Lakini hata shimo la meta 10 linaua kama mteremko uliokatwa wima juu yake umelowa.

Miti ya Walikale

Tusimalize bila kusema juu ya msitu. Anayetoka Masisi kwenda Walikale anaona kwa macho yake tofauti. Masisi milima mingi iko uchi: malisho ya ng'ombe, mashamba, visiki vya makala. Ni inchi nzuri ya maziwa na fromaji, lakini mizizi iliyokuwa ikishona udongo imeondoka. Ukiteremka kuelekea Walikale msitu unafunga. Kule miti inakunywa maji ya mvua na kuyarudisha hewani, inashika udongo, na ndani ya mbao zake imefungia ile gesi ya kaboni ambayo ingekuwa inapasha dunia joto. Mtu wa Walikale aliyebeba kilo 50 za kasiterite kutoka Bisie mpaka Njingala, akilaani matope na mizizi, huenda hakujua kwamba anapita ndani ya kitu kinachosaidia barafu ya Groenland kubaki.

Kampuni kubwa na inchi tajiri zina deni la kulipa kwa jambo hili, na kila mwaka katika mikutano ya dunia Kongo inadai. Tuendelee kudai. Lakini deni lile likilipwa kesho, halitamtoa mtu chini ya udongo leo. Miti ya kushikilia mashimo inakatwa kila siku karibu na machimbo. Koperative ingeweza kuamuru kwamba anayekata mmoja apande mitatu, na ipandwe kwanza juu ya mteremko ulio juu ya mashimo na juu ya nyumba.

Na kaye. Tungependa kuona kaye moja ya mvua katika kila chimbo la Masisi na Walikale, inayoandikwa na mtu mmoja aliyechaguliwa, na inayosomwa kwa sauti asubuhi mbele ya watu kushuka. Bamama wanaouza chakula pale juu wangeweza kuishika vizuri kuliko wote, kwa maana wanafika mapema na hawaingii shimoni. Kopo liko, rula iko kwa mtoto, kalamu ni franga kidogo. Mvua ya usiku huu iandikwe kesho saa kumi na mbili.